Tembo wa Picha, Tembo wa Shamba

Wapigapicha wa ridhaa waingiao Serengeti kwa lango la Ndabaka, wilayani Bunda, wana desturi njema: mmoja hamnyimi mwenziwe ujuzi. Akionyesha picha ya tembo, hutaja lenzi, kasi ya shata, saa ya mwanga, hata muda aliongoja garini. Watu wa fani nyingine huficha siri zao, hawa hugawa.

Lakini maelezo hayo ni pungufu, na upungufu wake si mdogo. Tembo hao hao huvuka mpaka wa hifadhi usiku. Katika vijiji kama Kunzugu na Hunyari, mkulima hukesha akiamia mahindi, tochi mkononi na debe la kupiga kando; asubuhi huenda akakuta mabua matupu. Wapo waliouawa. Hayo hayaandikwi chini ya picha. Husemwa eti picha ni uzuri tu, mengine yakae kando. Hoja nyepesi hiyo! Anayetaja tundu la lenzi kwa tarakimu amekwisha kukiri kwamba picha ina kisa chake. Kwa nini kisa kiishie kwenye kamera?

Watu wa Unguja hawahitaji kufafanuliwa. Kima punju wa Jozani amepigwa picha kuliko bwana harusi yeyote, na wakulima wa jirani wamemlalamikia miaka mingi kwa kula nazi zao changa.

Aliyengoja saa tatu garini hashindwi, akishatoka langoni, kuongeza nusu saa akamwulize mwenye shamba tembo walipitia wapi jana.