Muhuri wa Mhandisi ni Dhamana

Siku kijana anapohitimu Chuo Kikuu, nyumba za kambini hujaa furaha. Baba sajini huvaa sare iliyopigwa pasi, mama hutoa kitambaa alichokitunza sandukuni, na majirani wa kota nzima huja kunywa chai na kumtazama yule mtoto aliyekuwa akicheza mpira wa makaratasi nyuma ya stoo, ambaye leo amevaa joho na anaitwa mhandisi. Furaha hiyo ni halali, kwani karo ya miaka minne si mchezo kwa mshahara wa askari. Hata hivyo, ndani ya furaha hiyo limejificha kosa ambalo wazazi wengi hulifanya bila kujua. Hudhani kwamba safari imekwisha, kumbe nusu yake ya pili ndiyo kwanza inaanza.

Shahada ni ushahidi wa elimu. Si ruhusa ya kusimamia ujenzi wa daraja, ghorofa au mtambo kwa jina na saini ya mtu mwenyewe. Ruhusa hiyo hutolewa na bodi ya usajili iliyowekwa na sheria. Uganda ilitunga Sheria ya Usajili wa Wahandisi mwaka 1969. Tanzania ilitunga sheria yake mpya mwaka 1997, na Kenya mwaka 2011. Taratibu za nchi hizi zinatofautiana, lakini msingi wao ni mmoja: kwanza elimu, kisha miaka ya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, na mwisho kupimwa. Katika Kenya na Tanzania miaka hiyo haipungui mitatu.

Utaratibu huo si mgeni kwa askari. Kuruta aliyejifunza darasani majina ya sehemu zote za bunduki hapelekwi usiku wa kwanza kulinda ghala la silaha peke yake. Huwekwa pamoja na mkongwe, akatazama, akakosea mahali ambapo kosa lake laweza kusahihishwa, kisha siku moja akakabidhiwa lindo. Mhandisi naye ana lindo lake, nalo ni muhuri. Anapougonga juu ya mchoro, anawaambia watu ambao hatawaona maishani mwake kwamba walale kwa amani, yeye amekagua.

MUHURI ULIOGONGWA BILA HESABU

Mfano unaofundishwa hadi leo katika vyuo vingi vya uhandisi ulitokea mbali, katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, nchini Marekani. Jioni ya tarehe 17 Julai, 1981, watu wapatao 1,600 walikusanyika katika ukumbi wa hoteli iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, wakisikiliza muziki na kucheza dansi. Juu ya ukumbi huo yalikuwapo madaraja ya kupitia watu, yaliyoning'inizwa darini kwa fito za chuma. Daraja la ghorofa ya nne lilikuwa juu, na chini yake moja kwa moja lilining'inia la ghorofa ya pili. Ilipofika saa moja na dakika tano usiku, maungio ya daraja la juu yaliachia. Likaliangukia la chini, na yote mawili yakawaporomokea watu waliokuwa ukumbini. Walikufa watu 114, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa.

Wachunguzi walipopekua vifusi na makaratasi, chanzo kilionekana wazi. Mchoro wa kwanza ulionyesha fito ndefu, kila mmoja ukianzia darini, ukipita katika boriti ya daraja la juu na kuendelea hadi daraja la chini. Kiwanda cha vyuma kiliona kwamba kuchonga hesi za nati katika ufito mrefu kiasi hicho ni kazi ngumu. Kikapendekeza fito mbili fupi badala ya mmoja mrefu: wa kwanza kutoka darini hadi daraja la juu, na wa pili kutoka daraja la juu hadi la chini. Kwa macho ya mtu asiyejua, hapana tofauti.

Tofauti ipo, na askari ataiona upesi. Wawazie askari wawili walioning'inia kwenye kamba moja, kila mmoja akiishika kamba kwa mikono yake. Sasa yule wa chini aiachie kamba, aushike mkanda wa mwenzake. Kamba haikuongezewa uzito wowote, lakini mikono ya yule wa juu sasa inabeba watu wawili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kansas City. Nati za boriti ya daraja la juu, zilizokusudiwa kubeba daraja moja, zilibebeshwa madaraja mawili. Aidha, wachunguzi waligundua kwamba hata mchoro wa kwanza ungeweza kubeba kiasi cha asilimia 60 tu ya uzito uliotakiwa na kanuni za ujenzi za mji ule. Mabadiliko yale yakaupunguza uwezo huo mdogo ukawa kama nusu yake.

Michoro yenye mabadiliko hayo ilipita katika ofisi ya wahandisi, nayo ikagongwa muhuri. Hapana aliyekaa chini kuyapigia hesabu maungio yale. Baadaye wahandisi walijitetea kwamba kuyapima maungio ni kazi ya kiwanda. Utetezi huo ulikataliwa. Mwaka 1985 jaji aliyesikiliza shauri lao la leseni aliona kwamba walikuwa na uzembe mkubwa, na mwaka 1986 wakuu wawili wa kazi ile walifutiwa leseni katika jimbo la Missouri. Hawakushtakiwa kwa jinai. Mmoja wao, Jack Gillum, alitumia miaka yake ya baadaye kuwasimulia wahandisi wenzake kosa lile, ili lisirudiwe.

Ni vema kuangalia jambo ambalo halimo katika habari hii. Chanzo cha vifo vile hakikuwa wizi wa saruji wala hongo iliyopita chini ya meza. Waliohusika walikuwa watu wenye shahada, wenye leseni na wenye sifa njema. Walikosa jambo moja tu, yaani kukagua kile walichokitilia muhuri. Askari wanalifahamu kosa hilo kwa jina jingine. Ni kosa la mlinzi aandikaye katika daftari la lindo "hali shwari" ilhali hakuuzunguka uzio.

WANAOITWA KUCHIMBA VIFUSI

Wako watakaosema kwamba Marekani ni mbali. Basi na waitazame Afrika Mashariki. Tarehe 29 Machi, 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 29 Aprili, 2016, katika msimu wa mvua nyingi, jengo la makazi lilianguka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, likaua watu wapatao 50. Mara zote mbili askari walikuwa miongoni mwa walioitwa kuchimba, kubeba machela na kuwazuia ndugu wa waliofukiwa wasikimbilie ndani. Saini mbovu iliyotiwa mezani mchana huishia mikononi mwa askari usiku, na pengine aliye chini ya kifusi ni jamaa yake mwenyewe. Kwa hiyo malezi ya mhandisi kijana si shauri la chuo na bodi peke yao. Ni shauri la nyumba pia.

MATAYARISHO YAANZE MAPEMA

Mwanafunzi wa uhandisi huanza kujiandaa kwa usajili akiwa bado darasani. Wakati wa likizo hupelekwa viwandani na penye ujenzi kwa mafunzo ya vitendo. Wengi huyachukua mafunzo hayo kuwa ni adhabu, wakasaini mahudhurio na kuondoka. Mwanafunzi mwenye busara huwa na daftari. Huandika kila siku kazi aliyoiona, vipimo alivyochukua, hesabu alizofanya na swali aliloshindwa kulijibu. Hukaa na fundi mchundo akajifunza namna nondo zinavyofungwa, na kwa nini zege haipaswi kuongezwa maji ili ilainike. Daftari hilo ndilo mbegu ya taarifa atakayoipeleka mbele ya bodi miaka kadhaa baadaye, na ndilo litakalomsaidia siku ya usaili wa kazi, kwa maana mwajiri hutafuta mtu awezaye kueleza kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

Akishapata shahada, asikimbilie tu cheo na gari. Aulize kwanza: katika ofisi hii yuko mhandisi aliyesajiliwa atakayenisimamia? Miaka mitatu ya kazi isiyo na msimamizi yaweza kuhesabiwa kuwa si kitu mbele ya bodi. Ili kuwasaidia wahitimu kuipata nafasi hiyo, mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania ilianzisha mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu. Nchini humo pia wahandisi waliosajiliwa hula kiapo hadharani katika Siku ya Wahandisi, kama askari alavyo kiapo kabla ya kuanza utumishi. Usajili nao hufungua milango. Mwaka 2012 bodi za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mapatano ya kutambuana, ili mhandisi aliyesajiliwa katika nchi moja aweze kutambuliwa na kufanya kazi katika nyingine.

SIKU YA MTIHANI

Mtihani mkubwa wa mhandisi haufanywi katika chumba cha mitihani. Hufanywa penye vumbi, jioni, mafundi wakisubiri malipo. Kwa desturi ya kazi, zege inapomwagwa huchukuliwa sampuli katika vikasha vya mchemraba, zikavunjwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28 ili kujulikana nguvu yake. Mkandarasi ana haraka. Anamwambia kijana: "Tia saini tu, majibu yatakuja, kesho tunapanda ghorofa nyingine." Au mwenye nyumba anataka ghorofa moja zaidi ambayo haimo katika mchoro, na mkononi ana bahasha. Au mtu asiye na leseni anamwomba mhandisi amwazime muhuri kwa siku moja, kama mtu aombaye jembe kwa jirani.

Katika saa hiyo kijana hatasaidiwa na alama alizopata chuoni. Atasaidiwa na mazoea. Kama alizoea tangu mwanzo kutotia saini jambo asiloliona, atakataa bila kelele, ataandika sababu zake katika daftari la kazi, na atamwarifu msimamizi wake kwa maandishi. Maandishi hayo ndiyo ngao yake, maana neno la mdomo hupeperuka na upepo. Huenda akaipoteza kazi hiyo. Hilo ni jambo zito kwa kijana, wala haifai kumdanganya kwamba uaminifu hauna gharama. Lakini kazi iliyopotea yaweza kutafutwa nyingine. Leseni iliyofutwa ni shida kurudi, na roho ya mtu hairudi kabisa.

WAJIBU WA NYUMBANI

Hapa ndipo baba na mama wanapoingia. Katika miaka ya mwanzo posho ya mhandisi kijana huwa ndogo. Mara nyingi nyumbani ndiko shinikizo linakotoka: wadogo zake wanadai karo, shangazi anataka bati za nyumba, jirani anauliza kwa kejeli mbona mhandisi wenu bado anapanda basi. Mzazi anayemhimiza mwanawe alete fedha haraka, bila kuuliza zinatoka wapi, anamsukuma taratibu kuelekea kwenye ile bahasha. Afadhali familia ikae pamoja, ipange bajeti ya miaka mitatu, imjulishe kijana mapema kwamba itavumilia. Mama aliyewahi kuilisha nyumba kwa mshahara uliochelewa anajua namna ya kuvumilia, na somo hilo halifundishwi Chuo Kikuu.

Baba askari naye ana la kufundisha. Amweleze mwanawe maana ya lindo. Amweleze kwamba mlinzi haachi zamu kwa sababu baridi ni kali, wala hamwachii zamu yake mtu asiyeandikwa katika orodha. Amweleze pia kwamba kuuliza si aibu. Kuruta anayeuliza namna ya kufungua bunduki huonekana mjinga kwa dakika moja, na asiyeuliza huwa hatari kwa kombania nzima.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa mhandisi methali hiyo ina maana mbili, kwa kuwa ufa wa kwanza hauonekani katika tofali. Huanza katika saini ndogo iliyotiwa bila kukagua, siku ambayo hapana kilichoanguka na hapana aliyejua. Kwa hiyo jioni kijana anaporudi na viatu vilivyojaa vumbi la saruji, kabla ya kumuuliza amelipwa kiasi gani, mzazi na amwandalie maji ya kuoga, amwekee chakula, kisha amuulize: "Leo, mwanangu, umetia saini yako wapi?"