Hatupigi Kura, Lakini Tunaweza Kuulizwa

Kuna neno moja nimelichoka. Linasemwa na wazee wetu kambini, linasemwa na vijana ninaofanya nao kazi hapa Namatala, linasemwa hata na wafanyakazi wa mashirika wenye digrii zao: "Mambo ya Bunge ni ya wenye nchi. Sisi wageni tunyamaze." Wanalisema kama vile ni adabu. Mimi nasema ni hasara, na hasara yenyewe tunailipa kwa chakula, kwa dawa na kwa madarasa ya watoto.

Wengi wetu tukisikia Bunge tunafikiria lile jumba la Kampala kwenye televisheni, watu wa suti wanapiga meza na kuzomeana. Hiyo ndiyo sehemu ya kelele. Kazi yenyewe inafanyika kwenye vyumba vya kamati. Kamati ya Hesabu za Serikali inachukua ripoti ya Mkaguzi Mkuu na kumuuliza katibu wa wizara: pesa hii ilikwenda wapi? Na anayeiongoza hatoki chama kinachotawala, anatoka upinzani. Kamati ya Uchumi wa Taifa inapitia mikopo kabla Bunge halijairuhusu serikali kukopa. Halafu kuna kamati za kisekta, kila moja na wizara zake za kusimamia.

Sasa sikiliza vizuri. Ibara ya 90 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inasema kamati inaweza kumwita waziri yeyote, mtu yeyote mwenye cheo cha umma, na pia watu binafsi, walete maelezo ya maandishi au waje wenyewe kutoa ushahidi. Katika kazi hiyo kamati ina nguvu kama za Mahakama Kuu: inaweza kumlazimisha shahidi kufika na kudai nyaraka ziletwe mezani. Rudi kwenye maneno hayo "watu binafsi". Hayasemi raia, hayasemi mwenye kadi ya kura. Kupiga kura hatuna ruhusa, hilo liko wazi na siligombanii. Lakini kuulizwa tunaweza, sheria haijatufungia. Mlango tumeufunga wenyewe, na wenye kamati nao hawajausukuma.

Kuna mtu atasema kamati ni maneno matupu. Basi tuzungumzie mabati. Hapa Namatala nina majirani wengi Wakaramoja. Ni raia, wana wabunge wao, na bado wanaishi kwa kubeba mizigo na kuokota vyuma chakavu. Mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya ndugu zao waliobaki Karamoja yalikutwa kwa wakubwa. Mwaka 2023 Kamati ya Bunge ya Masuala ya Rais ilianza kuuliza, na waziri wa Karamoja akaitwa kujieleza. Mwaka huohuo polisi na waendesha mashtaka wakaingia, na mawaziri watatu wakapandishwa kizimbani: Mary Goretti Kitutu, Amos Lugoloobi na Agnes Nandutu. Mwaka 2025 Mahakama ya Kupambana na Ufisadi ilimtia Nandutu hatiani na kumpa kifungo cha miaka minne. Wawili kati yao, Kitutu na Nandutu, ni watu wa huku kwetu, milima ya Elgon. Namatala nzima ilifuata kesi hiyo redioni. Sisemi kamati peke yake ndiyo iliyofanya yote. Nasema swali likiulizwa hadharani, mkubwa hawezi tena kulijibu kwa kutabasamu.

Sasa angalia jambo ambalo watu wengi wanalipita. Mabati yale yalikuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM. Na sisi wakimbizi tuko chini ya ofisi gani? Hiyohiyo OPM. Kamati iliyouliza kuhusu mabati ndiyo kamati inayopitia bajeti ya ofisi inayotushughulikia. Kama inaweza kuuliza habari ya bati, inaweza kuuliza habari ya kisima, ya kiwanja, ya kadi.

Na maswali yapo. Mwezi wa Februari 2018 maofisa wa OPM, pamoja na kamishna wa wakimbizi, walisimamishwa kazi kwa tuhuma kwamba hesabu ya wakimbizi ilikuzwa na misaada ikachezewa. Kabla ya hapo ilikuwa inatangazwa tuko zaidi ya milioni 1.4. Tulipohesabiwa upya mwaka uleule, kwa vidole na kwa macho, tukaonekana kama milioni 1.1. Watu kama laki tatu wakayeyuka! Ni nani aliyepanga foleni juani siku nzima na mtoto mgongoni ili hesabu isafishwe? Ni sisi. Halafu Aprili 2020 mgao wa chakula ukakatwa kwa asilimia 30, na Februari 2021 ukashuka tena hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Waliokata walikuwa na sababu zao, pesa za wafadhili zilipungua. Lakini mtu aliyepunguziwa sahani ana haki ya kuuliza mbele ya watu: iliyobaki inagawiwaje, na nani anakagua?

Najua jibu la wenzetu wa mashirika. "Mna RWC zenu. Mna jukwaa la wakimbizi lililoanzishwa 2018. Mna kisanduku cha maoni na namba ya simu ya bure." Asanteni, hivyo vyote tunavitumia. Ila tujiulize vinaelekea wapi. Mwenyekiti wa RWC anapeleka kwa komandanti, komandanti ni wa OPM. Namba ya bure inapokelewa na walewale wanaotoa huduma. Wahenga waliliona hili zamani: kesi ya nyani huwezi kumpelekea ngedere. Mimi sisemi kila ofisa ni mwizi, wapo wanaofanya kazi mpaka usiku. Nasema hata ofisa mwema anahitaji mtu wa nje wa kumuuliza.

Wengine wanasema pesa za wakimbizi ni za wazungu, Bunge halihusiki. Nusu ukweli. Mradi wa DRDIP, uliojenga shule na vituo vya afya katika wilaya zenye wakimbizi, ulianza mwaka 2016 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 50 uliopitia OPM. Mkopo wa serikali hauchukuliwi bila ruhusa ya Bunge, hiyo ni Ibara ya 159. Utalipwa na kodi ya mama anayeuza nyanya hapa sokoni, na kodi yangu mimi ninaponunua sabuni. Kwa hiyo mwenyeji na mkimbizi wana swali moja: darasa liko wapi, na mbona paa linavuja?

Halafu kuna lugha. Kamati zinakaa kwa Kiingereza. Mama wa Nakivale aliyetoka Masisi, baba wa Kyangwali aliyetoka Ituri, hawa wanaweza kukueleza shida yao kwa Kiswahili mpaka ulie, lakini kwa Kiingereza watakuwa mabubu. Na Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda katika Katiba tangu mabadiliko ya 2005. Miaka yote hii imekaa kwenye karatasi kama nguo ya sikukuu ndani ya sanduku. Kama Bunge linatafuta pa kuanzia kuivaa, lianze kwetu.

Hofu nayo ipo, sitaidharau. Watu wananiambia: "Kaka, nikisema, faili langu la kuhamishiwa nchi ya tatu litapotea." Huyo anayesema hivyo siyo mwoga, ana watoto. Ndiyo maana nataka mashirika yasiishie kutufundisha neno "uwajibikaji" kwenye semina yenye soda na chapati. Wasimame na shahidi. Watu kumi wakisema jambo moja pamoja, kwa maandishi, ni vigumu kumtafuta mmoja wa kumwadhibu. Na kamati inaweza kuombwa isikilize mambo mazito kwa faragha.

Kwa hiyo nadai haya.

Wabunge wa kamati: msije kambini kwa saa moja, mkapokewa na ngoma, mkaongea na komandanti na meneja wa shirika, mkarudi Kampala kabla ya mvua. Kaeni kikao kamili, angalau kimoja kila mwaka, chini ya mti kama hakuna ukumbi, na mkalimani wa Kiswahili na wa Kiarabu cha Juba. Na ripoti yenu irudi pale mlipoichukua, isomwe kwa lugha ya watu.

Wafanyakazi wa mashirika: tusaidieni kutafsiri, tusaidieni nauli. Lakini msituchagulie maneno. Ushahidi uliopigwa pasi na ofisi ya mawasiliano hauna tena harufu ya kambi.

Na sisi wenyewe: tujue kalenda. Wizara zinatakiwa kupeleka mipango yao ya matumizi Bungeni kabla ya tarehe 15 Machi, na Bunge linatakiwa kupitisha bajeti kabla ya tarehe 31 Mei. Kati ya hapo kamati zinapitia karatasi hizo. Anayelalamika Julai ameshachelewa, pesa zimeshagawanywa. Ukurasa mmoja unatosha: jina la mahali, tarehe, idadi, shida, na mnachotaka. "Maisha ni magumu" siyo ushahidi. "Kisima cha bloku yetu kimekufa tangu Oktoba na watu wa bloku nne wanachota bwawani" ni ushahidi.

Mwaka 2022, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai, mto Namatala na wenzake walivunja kingo hapa Mbale na watu wakafa. Maji hayakuuliza nani ana kitambulisho cha taifa na nani ana kadi ya mkimbizi. Njaa haiulizi, kipindupindu hakiulizi. Kamati ya Bunge ndiyo yenye kazi ya kuuliza, na inalipwa kwa kazi hiyo. Basi ituulize na sisi. Machi ikifika, karatasi yetu iwe iko mezani.