Utulivu Una Risiti

Mtu akikuuzia utulivu, muulize aliutoa wapi.

Nawauliza hasa wenzangu ambao wakifika Uingereza, kusoma ama kufanya kazi ama kutembea tu, wanaweka akiba miezi kadhaa ili walale usiku mmoja katika jumba la kikabaila lililogeuzwa hoteli. Unazijua. Njia ndefu ya changarawe, moto kwenye meko, vitabu vyenye majalada ya ngozi ambavyo hakuna anayevisoma, chai ya alasiri na keki zilizopangwa ghorofa tatu. Dirishani, nyasi zinateremka hadi ziwani, na kondoo wanakula kwa mbali kama wamelipwa. Unapiga picha, unaandika "amani", unaposti.

Sina shida na kupumzika, wasee. Mtu anayefanya zamu mbili mfululizo amestahili kitanda kizuri. Shida yangu ni neno moja kwenye tangazo: "kihistoria". Neno hilo linapandisha bei ya chumba, lakini historia yenyewe huletewi. Unalipia historia, unapewa mapambo.

Tuanze na hizo nyasi. Mandhari yale hayakuota yenyewe. Karne ya 18 matajiri walimlipa Capability Brown na wenzake wahamishe udongo, wapande miti kwa mpango na kuziba mito. Pale Luton Hoo, Bedfordshire, ziwa unalolitazama ukinywa chai ni mto Lea uliozibiwa njia. Kule Dorset, Joseph Damer aliona mji mdogo wa Middleton unamharibia mandhari. Akaubomoa, kisha akajenga kijiji kingine, Milton Abbas, mahali ambapo macho yake hayangefika.

Tena kuna mtaro ambao Waingereza wanauita haha. Unachimbwa shambani, na upande mmoja unajengwa ukuta uliozama ardhini. Ukiwa dirishani unaona nyasi moja isiyokatika. Ng'ombe akijaribu kuvuka ndipo anajua kuna mpaka. Ukuta upo, ila umejengwa ili mgeni asiuone. Ukinielewa hapo, umeelewa biashara nzima.

Turudi Luton Hoo. Mwaka 1903 jumba hilo lilinunuliwa na Julius Wernher, Mjerumani aliyetajirika Afrika Kusini kwa almasi za Kimberley na dhahabu ya Witwatersrand. Leo ni hoteli ya kifahari. Ukiambiwa "tajiri wa almasi", unaona mkufu shingoni. Huoni wanaume Weusi wa Kimberley waliofungiwa ndani ya kambi kwa muda wote wa kandarasi, wakapekuliwa miili kabla ya kuruhusiwa kwenda makwao, wasije wakatoka na jiwe. Hiyo pia ni historia ya jumba. Iko upande wa pili wa haha.

Ama chukua Cliveden, kando ya mto Thames. Kashfa yake inajulikana dunia nzima: mwaka 1961, kwenye bwawa la kuogelea, waziri wa vita John Profumo alikutana na Christine Keeler, msichana wa miaka 19. Alidanganya Bunge kuhusu uhusiano wao, na 1963 akajiuzulu. Wageni wanaipenda hadithi hiyo, na si ajabu. Ina mapenzi, ina siasa, ina hata afisa wa Kisovieti. Lakini Profumo huyohuyo, 1957 na 1958, alikuwa waziri mdogo katika Wizara ya Makoloni, Kenya ikiwa chini ya hali ya hatari na maelfu ya watu wetu wamezuiliwa kambini bila kesi. Hiyo haina bwawa la kuogelea, kwa hivyo nani ana haja nayo? Kashfa ya kitandani inakuwa kiungo cha chakula. Kashfa ya kambini inakuwa "siasa".

Najua nitakachojibiwa. Ati hayo ni ya zamani, wacha watu wastarehe. Sawa, tuongee kuhusu zamani. Uingereza ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, ilitenga pauni milioni 20 za fidia. Waliolipwa ni mabwana. Watumwa hawakupata hata senti. Serikali ilikopa ili ilipe, na deni hilo lilimalizwa 2015. Maana yake, muuguzi Mkenya aliyekatwa kodi London mwaka 2014 alikuwa bado anachangia kuwafidia wenye watumwa. Hiyo zamani yako iko wapi?

Na shirika la National Trust, ambalo ndilo lenye Cliveden, lilipotoa ripoti mwaka 2020 kwamba maeneo 93 linayoyatunza yana uhusiano na ukoloni na utumwa, kelele zilizuka. Kumbuka, hakuna aliyependekeza hata jiwe moja libomolewe. Watu walikasirishwa na maelezo tu. Utulivu unaovunjwa na maelezo haukuwa utulivu. Ulikuwa ukimya.

Sisi nasi tusijifanye watakatifu. Pale Njoro kuna kasri la Lord Egerton, bwana ambaye familia yake ilikuwa na jumba la Tatton Park huko Cheshire. Tunaenda kupiga picha za harusi, tunasimuliana vile mwanamke fulani alimkataa licha ya mijengo yote hiyo, tunacheka. Ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza mwongozaji mtu mmoja alipataje ardhi yote ile, ama nani alikuwa akiilisha mifugo yake hapo kabla ya Nyanda za Juu kutengewa Wazungu? Tumechimba haha yetu wenyewe, tena bila kulipwa.

Kwa hivyo nenda. Lala, oga, kula keki zote. Lakini pale mapokezi uliza maswali mawili: pesa za kujenga ama kununua jumba hili zilitoka wapi, na nani alizifanyia kazi? Chukua jina la mwenye nyumba wa zamani, ulitafute kwenye hifadhidata ya wamiliki wa watumwa ya University College London. Ni bure, na simu unayo mkononi. Ukipata kitu, kiposti pamoja na ile picha ya ziwa. Na hoteli inayojiita ya kihistoria iweke majibu ukutani, pembeni mwa picha ya bwana mwenye kofia, kwa herufi ambazo mgeni atazisoma bila kuinama. Isipoweza hayo, iondoe neno "kihistoria" na ipunguze bei.