SIKU YA ZIWA IPIMWE KWA KIMO CHA MUTOTO MUDOGO



Kila mara vakansi kubwa ikikaribia, maneno ya matembezi yanarudi kati yetu. Mumoja anasema: "Tushuke ziwani pamoja na watoto wa shule ya juma." Mwengine anajibu: "Tutafute kamyo, ngoma na mbuzi." Wote wanafurahi. Lakini yule mutoto wa miaka ine, nani atamushika mukono siku nzima? Hilo ndilo ulizo langu, na ninaomba tulijibu mbele ya kuchanga feza.

Wazo langu ni hili: siku ya ziwa pamoja na watoto wadogo inapaswa kupimwa kwa yule mudogo kuwapita wote. Saa ya kufika, fasi ya kukaa, hesabu ya watu, chakula, yote yafuate yeye. Mudogo akiwa salama, wakubwa nao watakuwa salama. Lakini mukubwa anaweza kuwa salama, naye mudogo akapotea karibu yake.

Tusome Mwanzo 33. Esau alikuja na watu mia ine, akataka yeye na nduguye Yakobo waende safari pamoja. Yakobo alikataa kwa heshima. Alieleza kwamba watoto wake ni wazaifu, na kwamba nyama wenye kunyonyesha wakikimbizwa hata siku moja tu watakufa. Akamuomba nduguye atangulie, naye atafuata polepole kwa mwendo wa watoto. Yakobo hakuona haya ya kuchelewa. Sisi tunaona haya gani?

Sasa tuangalie mambo yenyewe.

Kwanza, saa na fasi. Kandokando ya Ziwa Kivu, upande wa Goma mpaka Sake, kuko mazuku. Ni gazi karbonike inayotoka katika udongo wa volkano. Haina rangi, haina harufu, tena ni nzito kupita hewa, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo inalala chini, ndani ya mashimo na mabonde madogo kati ya mawe ya volkano. Mutu mukubwa anaweza kusimama hapo kichwa chake kikiwa juu ya gazi. Mutoto anayecheza miguuni pake anaivuta. Akilala kidogo tu, hataamuka. Usiku na asubui mapema, wakati hakuna upepo wala jua, gazi inajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, inapunguka, lakini ndani ya shimo inaweza kubaki. Basi tusifike alfajiri, na tusilaze mutoto chini kwenye bonde, hata kama kuko kivuli kizuri. Tuulize wenyeji kwanza. Ukiona ndege ao mijusi waliokufa ndani ya shimo, ondoa watoto mara moja. Na mutu akianguka humo, usishuke ukikimbia kumukamata, kwa maana wengi wamekufa wakienda kusaidia wenzao.

Haya siyo hadisi ya mbali. Familia nyingi za Masisi zilizokimbia vita zilijenga vibanda Bulengo, karibu na ziwa, na Bulengo inajulikana kuwa na mazuku. Wadogo zetu wengi wanajua ziwa kwa njia hiyo, siyo kwa matembezi.

Pili, maji yenyewe. Fasi nyingi ziwa letu halina muteremuko wa polepole. Unapiga hatua mbili tatu, halafu hakuna chini. Tena mutoto anayezama hapigi kelele. Anatulia tu, na wenye kuimba pembeni hawasikii kitu. Kwa hiyo mulinzi wa maji asiwe mupishi, asiwe mupiga ngoma, asiwe na telefone mukononi. Akae karibu, kiasi cha kumufikia mutoto kwa mukono. Na akichoka, aseme kwa sauti: "Sasa ni zamu yako", mwenzake ajibu ndipo aondoke.

Tatu, hesabu ya watu. Ninapendekeza mukubwa mumoja kwa watoto watatu, na kwa wenye chini ya miaka tano, mumoja kwa wawili. Kama wakubwa hawatoshi, tupunguze watoto ao tungoje siku ingine.

Ine, chakula na jua. Ziwa Kivu liko karibu metre 1460 juu ya bahari, na hapa kwetu ni karibu na ikweta. Baridi inatudanganya, kumbe jua linachoma. Kofia, shati ya mikono mirefu, na saa sita wote wakae chini ya kivuli. Chakula kiwe chepesi: viazi vya kupikwa, fromaji ya Masisi, ndizi. Hakuna haja ya mbuzi, kwani moto na kisu vinaondoa macho ya wakubwa kwa watoto. Maji ya kunywa tuyachemushe nyumbani. Ya ziwa tusiyanywe hata kidogo, kwa maana kolera inajulikana kandokando ya ziwa hili.

Tano, mashua. Tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, mashua Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, Goma, na watu wengi walikufa. Ilikuwa imepakia kupita kiasi. Matembezi ya watoto wadogo hayaitaji mashua. Wabaki inchi kavu.

Wengine watasema: "Ukikata ngoma, mbuzi na mashua, furaha itabaki wapi?" Ninawajibu: angalia mutoto wa miaka ine. Umupe kopo tupu na muchanga uliolowana, atacheza saa mbili bila kukuomba kitu. Hotuba na mashindano ni vya sisi wakubwa. Tuvifanye siku yetu, siyo siku yao. Na saa nane, wakingali na nguvu, turudi.

Kuko neno moja lingine zito. Mwezi wa kwanza wa 2025 vita ilifika Sake na Goma. Njia ikiwa na mashaka, tusiende. Ziwa halitahama. Siku ya namna hii inaweza kufanyika hapa kwetu pia, kandokando ya muto, kwa amri zilezile, tena na kuangalia mvua ya mulimani inayojaza muto gafla.

Kwa kumaliza, ninaomba kitu kidogo. Mbele ya kutafuta kamyo, tuandike karatasi moja. Upande wa kushoto jina la kila mutoto, upande wa kuume jina la mukubwa atakayemujibia. Muzazi asome karatasi hiyo na kutia sinyature. Siku ambayo kila jina la kushoto litakuwa na mwenzake wa kuume, ndiyo siku tutaanza kuhesabu feza.

Mwenye wazo ingine aliandike katika kikaratasi chetu, tulizungumuze.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Pedagojia