Folda za Java: Madai Manne Yanayopotosha

Wanaoanza kuandika programu za wavuti kwa Java huambiwa mengi kuhusu majina ya folda, na baadhi ya maneno hayo huwagharimu siku ya kupandisha kazi kwenye seva. Tuyapime manne.

"Jina la folda ni pambo tu." Si kwa WEB-INF. Jina hilo limewekwa na kanuni rasmi za Servlet, na seva kama Tomcat hulitafuta lilivyo. Ndani yake, faili zilizokompailiwa hukaa kwenye classes, na maktaba za JAR hukaa kwenye lib. Ongeza herufi moja tu, iwe libs, na seva haitasoma hata JAR moja. Utaletewa kosa la ClassNotFoundException ilhali faili unaiona kwa macho yako.

"Herufi kubwa au ndogo, yote sawa." Pakeji ya com.duka ikikaa kwenye folda com/Duka, Windows inaweza kulifumbia macho kosa hilo. Linux, inayoendesha seva nyingi, haitaiona pakeji hiyo kabisa. Andika majina ya pakeji kwa herufi ndogo tupu.

"src/main/webapp ni sheria ya Java." Hapana, ni desturi ya Maven. Eclipse ilitumia WebContent kwa miaka mingi, na Maven yenyewe inaruhusu ubadilishe kupitia warSourceDirectory. Hata hivyo, desturi hii ina faida kubwa: mgeni akifungua mradi wako, anajua aanzie wapi bila kuuliza.

"Ukurasa wa JSP ulio ndani ya WEB-INF haufunguki." Kivinjari kikiomba /WEB-INF/jsp/ankara.jsp moja kwa moja, ni kweli, seva hujibu 404, kama kanuni zinavyoagiza. Lakini servlet yako ikilipeleka ombi huko kwa RequestDispatcher, ukurasa unaonekana vizuri. Na huo ndio ulinzi wenyewe: hakuna atakayeiona ankara kabla servlet haijahakikisha kwamba ameingia kwa nywila yake.

Kwa hiyo, kabla ya kubadili jina lolote, jiulize nani analisoma. Likisomwa na seva, usiliguse. Likisomwa na Maven, libadili tu ukiwa na sababu, na uibadilishe mipangilio pamoja nalo. Likisomwa na wenzako peke yao, kubalianeni mapema, kisha lishikeni mradi mzima.