Tusikate Mpapai Mbele ya Maua



Hapa Mokambo masuku na maembe iko na wakati yake. Ikipita, batoto banabakia mikono mitupu. Papai ndjo inazaa mwaka mzima, kama inapata maji. Lakini katika malupango mingi tunaona watu wanakata miche wakisema: «Hii ni dume.» Wanajuaje? Mbele ya maua hakuna anayejua.

Sisi tunashauri hivi: tia miche 3 katika shimo moja, ngojea maua. Ya dume inaninginia kwa vikonyo virefu; ya jike inashikamana na shina. Hapo ndjo ukate, ukiacha dume 1 kwa majike ya lupango nzima. Na wakati wa kiangazi, maji ya kuoshea mboga tusiimwage njiani, tuimimine kwenye mpapai. Tunda la mwezi wa Agosti linatoka hapo.