Zawadi Peke Yake Si Mapenzi

Iko michezo ya kompyuta ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mtu wa hadithi, akasafiri, akapigana vita na kujipatia marafiki. Tangu miaka ya 1990 watungaji wengi wa michezo hiyo wametia humo mapenzi na ndoa pia. Kwa kuwa baadhi yake siku hizi huchezwa katika simu, vijana wa kambini nao huifikia. Yafaa basi wazazi wajue inafundisha nini.

Wako watungaji waliofanya mapenzi kuwa tuzo. Katika The Witcher, mchezo wa watu wazima uliotoka Poland mwaka 2007, kila shujaa alipojipatia mwanamke, mchezaji alipewa kadi yenye picha yake, mithili ya mwindaji anayetundika pembe ukutani. Katika mchezo uliofuata, wa mwaka 2011, kadi hizo hazikuwamo tena.

Wengine wametumia zawadi. Katika Dragon Age: Origins, uliotengenezwa Kanada mwaka 2009, nao pia wa watu wazima, kila mwenzi wa safari ana kipimo cha mapenzi, na zawadi hukipandisha. Mwenye fedha huweza kudhani kwamba moyo hununuliwa. Walakini humo yumo askari kijana, Alistair. Jemadari Loghain aliwatelekeza mfalme na wenzake Alistair vitani, wakauawa. Mchezaji akimsamehe jemadari huyo na kumpokea kikosini, Alistair hukiacha kikosi, hata akiwa ndiye mpenzi wa mchezaji. Zawadi zote alizopewa hazimzuii. Hapo ndipo mapenzi yanapopata maana, kwa sababu anayependwa ana dhamiri yake mwenyewe. Wahenga walisema, hiari yashinda utumwa.

Mfano mwingine ni Stardew Valley, mchezo wa ukulima uliotungwa na Mmarekani mmoja, Eric Barone, mwaka 2016. Humo zawadi kwa mtu mmoja zina kiasi, kwa kawaida mara mbili tu kwa juma, na kila mtu ana vitu avipendavyo na avichukiavyo. Lililo kubwa zaidi ni kwamba harusi si mwisho. Mwenye ndoa asipozungumza na mwenziwe, mapenzi hupungua siku hata siku.

Kwa hiyo, mtungaji anayetaka kuyaonyesha mapenzi kwa haki hana budi kumpa mhusika uwezo wa kukataa, wa kukasirika na wa kuondoka. Tena ayaache mapenzi yakue kwa matendo, na yadai kutunzwa hata baada ya ndoa.

Jambo hili halikomi mchezoni. Askari aliyekaa miezi mingi lindoni hurudi likizo na kitenge na sukari, akaona deni limelipwa. Mkewe hupokea kwa shukrani, lakini aghalabu alichokingojea ni neno na sikio la kumsikiliza. Kijana aliyezoea kuhesabu zawadi mchezoni huenda akahesabu vivyo hivyo nyumbani kwake kesho.

Mzazi amwonapo mwanawe akiposa katika simu, asikimbilie kumnyang'anya. Na amwulize kwanza: "Huyo unayemposa, aweza kukukataa?" Jibu la mtoto litamwonyesha mzazi mahali pa kuanzia mazungumzo.